Al-Jahiz: Mwanachuoni Aliyecheka na Jogoo, Mbwa na Nzi

Anayefuga mnyama hafugi mnyama peke yake. Hufuga na kinyesi chake, na manyoya yake, na vishindo vyake vya usiku wa manane. Kuku hupanda mkekani pale pale alipokaribishwa mgeni wa heshima, akaacha alichoacha. Paka huinua kawa kwa kichwa, akachagua kipande cha nguru alichowekewa baba. Mbuzi huingia chumbani kimya kimya, akatafuna barua ya posa. Na njiwa, ambaye sote twamsifu kwa upole, hana upole hata chembe kwa kanzu iliyoanikwa Alhamisi kwa ajili ya Ijumaa.

Mbele ya mambo haya wanadamu wamegawanyika mafungu mawili. Wako wanaoshika fimbo, na wako wanaoshika mbavu. Mimi ni wa fungu la pili. Nyumbani kwangu pana paka ambaye hajapata kuliheshimu shairi langu hata moja. Nikitandaza karatasi, yeye hulala juu yake, na akiamka huondoka na wino nyayoni akaenda kulitia sahihi shuka jeupe. Watu wa nyumbani wanaponilaumu kwa kucheka badala ya kumfukuza, huwa namtaja wakili wangu. Wakili huyo alifariki zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, lakini hoja zake zingali hai. Leo nataka wasomaji wangu wamjue.

Jina lake ni Abu Uthman Amr bin Bahr, mtu wa Basra katika nchi ya Iraki. Dunia yamjua zaidi kwa lakabu ya al-Jahiz, maana yake mtu ambaye macho yake yamejitokeza nje. Alizaliwa Basra kiasi cha mwaka 776, au tuseme mwaka 160 wa hijria, siku za mwanzo za dola ya Bani Abbas. Sura hakujaliwa. Yeye mwenyewe alilijua hilo, na badala ya kulificha alilifanya mtaji. Yasimuliwa kwamba siku moja mwanamke mmoja alimwomba amfuate mpaka dukani kwa sonara. Walipofika, yule mwanamke akamwonyesha sonara kwa kidole, akasema anataka mfano wa huyu, kisha akaenda zake. Al-Jahiz akashangaa, akauliza kulikoni. Sonara akamweleza kwamba bibi yule alitaka pete iliyochorwa sura ya shetani, naye alikuwa amemwambia kuwa shetani hajapata kumwona. Aliyekisimulia kisa hiki si adui yake. Ni yeye mwenyewe.

Sisi watu wa pwani tuna jambo la kumtazamia mtu huyu kwa jicho la jamaa. Babu yake yasemekana alikuwa mtu mweusi, mchunga ngamia. Na Basra ya zama zile ilikuwa bandari ambayo vyombo vyake vilijua njia ya pepo za kaskazi na kusi. Al-Jahiz aliandika risala nzima juu ya fahari ya watu weusi, na ndani yake akawataja Wazanji wa Qanbalu na Wazanji wa Lunjuya. Hiyo Lunjuya ndiyo Unguja, na Qanbalu wanazuoni wengi waiona kuwa ni Pemba. Basi visiwa vyetu vilikuwa katika wino wake kabla hata mwaka 869 haujafika. Ni kweli kwamba katika vitabu vyake vingine yamo maneno juu ya Wazanji ambayo hayapendezi. Ndiyo tabia yake: alipenda kuipa kila hoja ulimi wake, akamwachia msomaji kazi ya kupima.

Utoto wake ulikuwa wa dhiki. Alikuwa akiuza mkate na samaki kando ya mfereji wa Sayhan, na muda aliobakiwa nao akautumia msikitini na katika viwanja ambako Waarabu wa bara walikuja na lugha yao safi. Alikuwa akikodi maduka ya vitabu usiku, akajifungia humo kusoma mpaka alfajiri. Mamake alichoka. Yasimuliwa kwamba siku moja kijana aliomba chakula, naye mama akamletea sinia iliyojaa madaftari, akamwambia kwamba hayo ndiyo anayoyaleta nyumbani, basi na ale hayo. Kijana akatoka na huzuni yake mpaka msikitini. Huko tajiri mmoja akamwona, akamuuliza habari, akampa dinari 50. Al-Jahiz akaingia sokoni, akarudi na wachukuzi waliobeba unga na vitoweo. Mamake alipouliza vimetoka wapi, akamjibu kuwa vimetoka katika yale madaftari aliyomwandalia.

Na kweli madaftari yalimlisha. Vitabu vyake juu ya uimamu vilimfikia Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala mwaka 813 mpaka 833, vikampendeza. Kuanzia hapo al-Jahiz akawa mtu wa Baghdad na Samarra, rafiki wa mawaziri na makadhi wakuu. Kitabu chake cha wanyama, Kitab al-Hayawan, alimtunukia waziri Ibn al-Zayyat akapata dinari 5,000. Kitabu chake cha ufasaha, al-Bayan wa al-Tabyin, alimtunukia kadhi mkuu Ibn Abi Du'ad akapata kiasi kile kile. Mlango mmoja tu ulifungwa kwa ajili ya uso wake. Khalifa al-Mutawakkil alimwita awasomeshe wanawe, lakini alipomwona akampa dirhamu 10,000 na kumruhusu aende zake. Hilo nalo twalijua kwa sababu yeye mwenyewe alilisimulia.

Yafaa niseme wazi kwamba katika itikadi al-Jahiz alikuwa wa Muutazila, na hiyo si njia ya masheikh wetu wa pwani. Lakini Kiarabu chake hakikataliwi na yeyote, na wapinzani wake wenyewe walimsoma, kwa siri au kwa dhahiri. Mimi nilimsikia kwanza si chuoni bali barazani, kwa mzee mmoja wa Mji wa Kale aliyekuwa akisimulia visa vyake baina ya Magharibi na Isha. Sote tukicheka, naye hacheki, kama afanyavyo msimulizi stadi.

Sasa tuje kwenye Kitab al-Hayawan, maana hapo ndipo penye mambo yetu ya leo. Ni kitabu kikubwa. Kilipochapishwa Misri kwa uhakiki wa Abd al-Salam Harun kati ya mwaka 1938 na 1945, kilitoka katika majuzuu saba. Ndani yake mna ndovu na mbu, mna nyoka na mbuni, mna nge, panya, kunguru na dundu. Lakini sehemu kubwa ya mwanzo wake ni ugomvi. Wanazuoni wawili watu wazima, na mmoja wao ni al-Nazzam aliyekuwa mwalimu wa al-Jahiz, wameketi kubishana nani bora baina ya mbwa na jogoo.

Usidhani ni ubishi wa mzaha wa dakika mbili. Ni kurasa kwa mamia. Mwenye jogoo huanza kumtoboa mbwa: anuka, ala mizoga, ala uchafu, hutapika kisha akarudia matapishi yake, humbwekea maskini aliyekuja kuomba. Mwenye mbwa naye hanyamazi. Na jogoo je? Naye si hula uchafu ule ule? Ukimlea kwa mkono wako hakujui. Akiruka ukuta akaangukia kwa jirani, hakumbuki nyumba aliyotoka. Mwizi akiingia hana la kukufaa. Mbwa hulinda, huwinda, na hamsahau bwana wake. Hapo mwenye jogoo hutoa silaha yake kubwa, kwamba jogoo ajua saa za usiku na huwaamsha waja kwa ibada, na hakuna mbwa aliyepata kumwamsha mtu kwa Swala ya Alfajiri ila kwa kumtia hofu.

Msomaji wa kwetu aliyelelewa katika madhehebu ya Shafi, ambaye chombo alichoramba mbwa hukiosha mara saba na moja yake kwa mchanga, aingia katika ubishi huu akiwa ameshaamua upande wake. Nami niliingia hivyo hivyo. Lakini utamu wa al-Jahiz ni huu: baada ya kurasa kadhaa wajikuta wamcheka jogoo wako mwenyewe. Wagundua kwamba kila fungu lahesabu uchafu wa mnyama wa jirani, na lasahau uliomo ndani ya ua wake. Je, hayo si ndiyo mazungumzo ya mitaa yetu kila siku, hata pasipo mbwa wala jogoo?

Njiwa nao hawakusahauliwa. Katika Basra ya siku zile ufugaji wa njiwa wa kurudi nyumbani ulikuwa wazimu wa matajiri na mafukara. Al-Jahiz ataja kwamba njiwa mmoja mwenye nasaba na sifa aliweza kuuzwa kwa dinari 500, bei ambayo hakuna ndege mwingine aliyeifikia. Watu waliandika nasaba za njiwa kama waandikavyo nasaba za masharifu. Na njiwa huyo wa dinari 500, ndugu msomaji, huchafua paa la nyumba sawasawa na njiwa wa bure.

Ucheshi huu hakuuweka katika kitabu kimoja. Katika Kitab al-Bukhala, kitabu chake cha mabahili, wako majogoo wa mji wa Marw. Kwa desturi ya majogoo wa dunia nzima, jogoo akiokota punje humtupia tembe. Lakini al-Jahiz apokea kwa rafiki yake Thumama kwamba majogoo wa Marw hunyang'anya punje midomoni mwa matembe. Akakata shauri kuwa ubahili wa Marw umo ndani ya maji yake na hewa yake, mpaka wanyama wameurithi. Humo humo mna bibi mmoja aliyeletewa kondoo wa kuchinja Idi akaketi kuhuzunika. Alikuwa na matumizi ya pembe, na ngozi, na matumbo, na mifupa, hata samadi ya tumboni aliijua kuwa ni kuni ikikaushwa. Lililomshinda ni damu, maana kuinywa ni haramu. Ghafla akakumbuka vyungu vyake vipya vya Sham, ambavyo hukomaa vikipakwa damu ya moto yenye mafuta. Uso ukakunjuka. Hakuna kilichopotea.

Bila shaka walikuwako watu waliomlaumu. Walisema mwanachuoni mzima, mtu wa elimu ya kalam, apotezaje umri wake juu ya mbwa na jogoo, na mavi, na viroboto? Al-Jahiz aliwajibu mwanzoni mwa kitabu chenyewe. Jibu lake kwa ufupi ni kwamba hekima ya Muumba haikugawanywa kwa ukubwa wa kiwiliwili. Atakayesimama mbele ya ubawa wa mbu akautazama kwa makini ataona ajabu zisizomalizika kuandikwa. Na juu ya kicheko aliwakumbusha kwamba Waarabu waliwaita watoto wao Dahhak na Bassam, yaani mchekaji na mwenye tabasamu. Nani humpa mwanawe jina la kitu kibaya? Ila kicheko kina kipimo chake, alisema: kikizidi ni upuuzi, na kikikosekana kabisa ni upungufu.

Kisa kinachoonyesha vyema fikira hii ni kile cha kadhi na nzi. Basra ilikuwa na kadhi aitwaye Abdullah bin Sawwar. Mtu huyu alikuwa na haiba isiyo kifani. Akiisha kuswali Alfajiri huja akaketi mahali pake, miguu imekunjwa, nguo imemzunguka, haegemei kitu. Hageuzi shingo, hasogezi mkono, hajikuni. Hukaa hivyo mpaka Adhuhuri, akainuka kuswali, akarudi kuketi vile vile. Watu walimwona kama jengo lililojengwa.

Siku moja nzi akaja akamtua puani. Akakaa hapo muda mrefu. Kadhi hakutikisika. Nzi akahamia pembeni mwa jicho, akaanza kuchoma. Kadhi akastahimili. Kisha akafumba ukope na kuufumbua. Nzi akaruka kidogo, akangoja ukope utulie, akarudi pale pale kwa nguvu zaidi. Kadhi akapepesa, akapepesa tena, na mashahidi na wadai wote macho yao kwake, kila mmoja akijifanya haoni. Mwisho wa sabura ni huu: mkono ule usiosogea ukasogea. Nzi akarudi. Ikabidi atumie ncha ya mkono wa kanzu. Nzi akarudi tena.

Hapo kadhi akajua kwamba yote yametendeka mbele ya halaiki. Naye, Mungu amrehemu, hakukasirika. Alikiri kwamba nzi ni king'ang'anizi kuliko dundu na ana majivuno kuliko kunguru. Akamwomba Mola maghufira, akasema kwamba watu walimdhania kuwa mtulivu kuliko wote, na tazama, kiumbe dhaifu kabisa amemshinda na kumfedhehi. Kisha akaisoma aya ya Suratul Hajj juu ya nzi, ambayo kila mwana wa chuoni aijua.

Naona wengi hukisimulia kisa hiki ili kumcheka kadhi. Al-Jahiz hakukiandika kwa nia hiyo tu. Aliongeza na kisa chake mwenyewe, jinsi nzi walivyomwandama njiani akawa apunga mikono na kukimbia kama mwenda wazimu. Maana yake: kadhi na mimi ni sawa. Mnyama hajui cheo. Hakusoma barua yako ya uteuzi. Kuku hachafui mkeka wa fukara akauruka wa tajiri. Ndiyo sababu anayejua kumcheka mnyama wake aweza kujicheka, na anayeweza kujicheka hana kiburi kikubwa.

Kicheko hicho kilipata kumwokoa. Mwaka 847 al-Mutawakkil alishika ukhalifa, akamgeukia waziri Ibn al-Zayyat, yule aliyetunukiwa Kitab al-Hayawan. Waziri huyo alikuwa ametengeneza tanuri la misumari la kuwatesea watu, nalo ndilo aliloingizwa mwenyewe mpaka akafa. Al-Jahiz alitoroka. Alipoulizwa baadaye kwa nini, alijibu kwamba alichelea kuwa wa pili wa wawili ndani ya tanuri. Akakamatwa, akaletwa na mnyororo shingoni mbele ya Ibn Abi Du'ad, hasimu mkubwa wa waziri aliyeuawa. Kadhi mkuu akamkemea kuwa ni mtu asiye na shukrani. Al-Jahiz, katika nguo iliyochakaa, akamjibu kwamba ni bora kadhi awe na nguvu juu yake kuliko yeye kuwa na nguvu juu ya kadhi, na kwamba msamaha wa mwenye uwezo wapendeza kuliko kisasi. Akaitwa mhunzi amfungue. Mhunzi akawa amwumiza mguu, naye al-Jahiz akampiga kofi na kumhimiza afanye haraka, akimkumbusha kuwa huo ni muundi wa mtu, si gogo wala ubao wa msaji. Baraza zima likacheka. Mtu aliyeingia kama maiti akatoka akiwa mgeni wa heshima.

Uzeeni alirudi Basra akiwa mgonjwa, na umri wake ulipita miaka 90. Kipooza kilimshika upande mmoja na jongo upande wa pili. Wageni waliokwenda kumjulia hali aliwaeleza hali yake kwa namna ambayo vitabu vimeihifadhi mpaka leo: upande mmoja hata ukikatwa kwa mkasi hauna habari, na upande wa pili nzi akipita juu yake huumia.

Tazama jambo hili. Katika maradhi yote aliyoweza kuyapimia maumivu yake, alimchagua nzi. Yule aliyemfedhehi kadhi sasa amemjia yeye kitandani, na mkono wa kumfukuza haupo tena. Hakulalama wala hakumtukana. Alimtia katika mizani na kuwachekesha wageni wake kwaye, kama alivyofanya alipokuwa na nguvu.

Alifariki mwaka wa 255 wa hijria, sawa na mwisho wa 868 au mwanzo wa 869. Watu husimulia kwamba vitabu alivyovipanga kumzunguka vilimwangukia vikamwua. Mwaka huo huo wa hijria Wazanji waliofanya kazi katika mashamba ya chumvi kandokando ya Basra waliinuka dhidi ya mabwana zao, na mji wake haukuwa tena kama alivyouacha.

Ndugu msomaji, nyumba isiyo na mnyama huenda ikawa safi zaidi, sikatai. Ufagio ni ufagio, na najisi ni najisi. Safisha inavyopasa, utwaharishe panapohitaji. Lakini ukiisha kuuweka ufagio chini, jiulize kama kilichokuumiza ni uchafu au ni cheo. Kama ni uchafu, maji yatosha. Kama ni cheo, mwite nzi wa kadhi akusaidie.